Eda Imekwisha, Posa Imebisha Hodi: Wajane wa Mara na Ndoa ya Pili

Wavuvi wa dagaa wa Musoma hawahitaji kalenda ya ukutani ili kuujua mwezi. Giza linapokuwa nene, taa huwashwa ziwani na mitumbwi hurudi alfajiri ikiwa imejaa. Mbalamwezi inapokaribia kutimia, kazi husimama na watu hukaa kushona nyavu. Mama tuliyemkuta akianika dagaa jirani na mwalo wa Mwigobero aliihesabu eda yake kwa njia hiyohiyo. "Giza nne na siku kumi, wanangu," alituambia, akacheka kidogo, kisha akanyamaza na kuendelea kuwatawanya dagaa wake kwa kiganja.

Miezi kumi na sita imepita tangu eda ile imalizike. Sasa posa imebisha hodi. Imetoka Bunda, kwa fundi cherehani aliyefiwa na mkewe na kuachiwa watoto watatu, na imepitia kwa mke wa imamu, kama adabu inavyotaka. Barua ilikaa sandukuni wiki tatu kabla mama huyu hajathubutu kumwonesha mwanawe mkubwa, kijana wa bodaboda ambaye ndiye anayeleta unga nyumbani siku ambazo dagaa hawatoki. Kijana aliisoma, akaikunja, akamrudishia. Kisha akauliza: "Mama, kwani baba alikukosea nini?"

Tumeombwa tusitaje jina wala mtaa, nasi tumekubali. Lakini swali la kijana yule tumelibeba, maana tunaamini linaulizwa katika nyumba nyingi za Waislamu wa Mara, na penginepo, hata pale ambapo halitamkwi.

Tulipozunguka Musoma, Bunda na Butiama tukiongea na wazee, maimamu na akina mama wa darsa, jambo moja lilitudhihirikia mapema. Mwanamume akifiwa, mazungumzo ya kumtafutia mke huanza hata kabla turubai la msiba halijarudishwa lilikoazimwa. Nani atampikia? Nani atawaogesha watoto? Watu humhurumia, na ni haki yake kuhurumiwa. Mwanamke akifiwa, watoto huwa ni walewale na njaa ni ileile, lakini huruma hugeuka ulinzi. Hutazamwa anavaa nini, anaongea na nani sokoni, simu yake inalia saa ngapi. Akitabasamu mapema, amesahau. Akiolewa, alikuwa naye tangu zamani. Mzee mmoja wa Bunda, ambaye mwenyewe alioa miezi mitano baada ya kufiwa, alituambia bila kusita kwamba mjane mwema ni yule anayekaa na jina la mumewe mpaka anazikwa. Hatukubishana naye, maana alikuwa ametukaribisha chai. Lakini tulimwuliza mkewe wa sasa alikuwa nani kabla ya kuolewa naye. Alikuwa mjane.

Sheria ya Allah (s.w) haikuanza hapo. Katika Suratul-Baqara, aya ya 234, mjane amewekewa miezi minne na siku kumi. Na mwenye mimba, kwa mujibu wa Suratut-Talaq aya ya 4, muda wake ni mpaka ajifungue. Muda huo una heshima yake: hapambiki, hajitii manukato, halali nje ya nyumba yake. Wanazuoni wamemruhusu kutoka mchana kwa dharura na riziki, jambo ambalo akina mama wa mialoni wanapaswa kulijua, maana tumesikia habari za wajane waliolala njaa wakidhani kwamba kwenda kuuza ndoo ya dagaa kunabatilisha eda. Lakini aya ile haikuishia kwenye kuhesabu miezi. Inaendelea kusema kwamba muda ukishatimia, hakuna lawama juu ya wanayojifanyia wanawake hao katika nafsi zao kwa njia inayokubalika. Na aya inayofuata, ya 235, inaizungumzia posa yenyewe: wakati wa eda hairuhusiwi kutamkwa waziwazi wala kupeana ahadi ya siri, lakini mtu kudokeza kwa mbali, au kulificha moyoni, si kosa. Qur'ani imekiri kwamba moyo wa mwanamume unaweza kumwelekea mjane ambaye bado yumo ndani ya eda, ikaweka mpaka, na haikumtukana mjane wala mwanamume huyo.

Tumsimulie msomaji kisa cha Ummu Salama (r.a), ingawa wengi wanakifahamu, kwa sababu ndani yake mna kila alichokuwa nacho moyoni mama yule wa Mwigobero. Mumewe, Abu Salama, alijeruhiwa katika vita vya Uhud. Jeraha likafunga, likafumuka tena, akafariki katika mwaka wa nne wa Hijra. Walikuwa wamehama pamoja kwenda Uhabeshi, wakatenganishwa kwa nguvu wakati wa kuhamia Madina, kisha wakakutana tena. Ummu Salama alikuwa amejifunza kwa Mtume (s.a.w) dua ya mwenye kufikwa na msiba, ambayo ndani yake mtu humwomba Allah ampe badala iliyo bora kuliko alichokipoteza. Aliisoma, lakini mwenyewe amesimulia kwamba moyoni alijiuliza: ni nani huyo aliye bora kuliko Abu Salama?

Baada ya eda, Abu Bakr (r.a) akamposa, akakataa. Umar (r.a) akamposa, akakataa. Kisha ikaja posa ya Mtume mwenyewe, na hata hapo hakukimbilia kukubali. Alitoa nyudhuru zake: kwamba ana wivu mwingi, kwamba umri umesogea, kwamba ana watoto. Akajibiwa moja baada ya jingine. Juu ya umri, Mtume alimwambia kwamba yeye ni mkubwa zaidi. Juu ya wivu, atamwombea Allah amwondolee. Juu ya watoto, wao ni dhima ya Allah na Mtume wake. Hakuambiwa kwamba hofu zake ni za kipuuzi.

Mama wa Musoma alipotutajia hofu zake, nazo zilikuwa tatu, ijapokuwa hazikuwa zilezile. Ya kwanza ilikuwa nyumba. Marehemu aliacha nyumba ya vyumba vitatu na mtumbwi mmoja, na shemeji yake mkubwa amekwisha sema mbele ya watu kwamba akitoka kwenda kwa mume mwingine, atoke na nguo zake tu, kwa kuwa "ng'ombe walitoka kwetu".

Hoja hii ya ng'ombe ina mizizi mirefu Mara. Kwa makabila mengi ya kandokando ya ziwa, mahari ya ng'ombe iliufunga ukoo na ukoo, na mume alipofariki mkewe hakuhesabiwa kuwa ametoka katika ndoa. Alirithiwa na ndugu wa marehemu ili watoto na mashamba visiondoke. Wazee waliotueleza hili hawakuwa watu wakatili. Walituambia kwamba zamani ilikuwa ni njia ya kuhakikisha hakuna mjane anayelala nje, na hatuna sababu ya kuwakanusha. Lakini Qur'ani imelikata jambo hili katika Suratun-Nisaa, aya ya 19, inapowakataza walioamini kuwarithi wanawake kwa nguvu. Wafasiri wanaeleza kwamba Waarabu wa zamani za ujinga walikuwa na desturi hiyohiyo: jamaa wa marehemu alikuwa na haki zaidi juu ya mjane kuliko mjane mwenyewe. Na mahari, kwa mujibu wa aya ya 4 ya sura hiyohiyo, ni mali ya mke. Hivyo familia ya Kiislamu iliyotoa ng'ombe ikiwadai leo kutoka kwa mjane, hudai kile ambacho kisheria kilipaswa kuwa chake yeye tangu mwanzo. Shemeji akitaka kumwoa mjane wa nduguye, na mjane akaridhia baada ya eda, ni posa kama posa nyingine, asiporidhia, limekwisha.

Ama nyumba na mtumbwi, fungu la mjane limetajwa katika aya ya 12 ya Suratun-Nisaa: thumuni ikiwa marehemu ameacha mtoto, robo ikiwa hakuacha, baada ya deni na wasia. Fungu hilo huwa mali yake tangu mume alipofariki. Kuolewa tena hakulifuti, kama ambavyo mtoto wa marehemu hapotezi fungu lake kwa kuoa. Tunalisisitiza hili kwa sababu tumekutana na wajane wawili Bunda waliokataa posa njema kwa kuogopa kupoteza kile ambacho hakuna mwenye haki ya kuwanyang'anya. Mirathi ya Mwislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na mahakama hiyo ina mamlaka ya kutumia sheria ya Kiislamu. Ikiachwa ijiendee kimila, mambo huwa tofauti kabisa. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 linasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga waliipeleka sheria hiyo Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba ina ubaguzi lakini ikakataa kuifuta. Shauri lao lilifika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba haki zao zilikiukwa. Mjane Mwislamu ambaye mirathi ya mumewe imegawanywa kwa sheria yake asingehitaji kwenda mbali kiasi hicho. Lakini igawanywe. Tumeziona nyumba za Waislamu ambamo mirathi imelala miaka kumi, na kila mtu anaona aibu kuianzisha.

Hata sheria ya nchi iko upande wake katika suala la kuolewa. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba, licha ya mila yoyote iliyo kinyume, mwanamke aliyefiwa na mumewe yuko huru kuishi atakako, kubaki bila kuolewa, au kuolewa tena na mwanamume anayemchagua mwenyewe. Na kwa ndoa za Kiislamu kimeiheshimu eda. Waislamu tuna malalamiko yetu juu ya vifungu kadhaa vya sheria hii, na hapa si mahali pake. Kifungu hiki hakimo. Rais aliyekuwa madarakani sheria hiyo ilipopitishwa alikuwa mtoto wa Butiama, aliyezaliwa katika boma la mtemi mwenye wake 22. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alifariki mwaka 1942, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, aliishi hadi mwaka 1997. Mwalimu hakuhitaji kusimuliwa na mtu maisha ya wajane yakoje.

Hofu ya pili ya mama yetu ilikuwa binti yake wa mwisho, mwenye miaka tisa. "Nimpeleke kwenye nyumba ya mwanamume ambaye si baba yake?" Hili halijibiwi kwa haraka, na tunamheshimu kila mama anayeliuliza. Ni kweli kwamba kisheria, ndoa ikishakamilika kwa wawili hao kukaa pamoja kama mume na mke, binti wa mke huwa maharimu kwa baba wa kambo, haramu kuolewa naye milele, kama inavyosema aya ya 23 ya Suratun-Nisaa. Lakini sheria haiulizi tabia ya mtu kwa niaba yetu. Iulizwe tabia yake: kwa majirani zake wa Bunda, kwa watoto wake mwenyewe, kwa mafundi anaokaa nao barazani. Mke wa imamu alifanya hivyo mara mbili, na mara ya pili alikwenda bila taarifa.

Na tukumbuke ni nani aliyekuwa yule kijana wa hadithi ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua kwa moyo, ile ya kumtaja Allah kabla ya kula, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho karibu yako. Ni Umar bin Abi Salama, mtoto wa Ummu Salama, yatima, ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka sahanini katika nyumba ya baba yake wa kambo. Tunaifundisha hadithi hiyo kama adabu ya chakula, nayo ni hivyo. Lakini pia ni picha ya mtoto wa mke akila sahani moja na mume wa mama yake, akirekebishwa kwa upole. Mdogo wake, Zaynab, alikuwa bado ananyonya siku za mwanzo za ndoa ile, na wapokezi wanasimulia kwamba Mtume alikuwa akija, akamkuta mama anamnyonyesha, akaona haya na kuondoka, hadi Ammar bin Yasir alipotambua na kuja kumchukua mtoto. Ndoa ya pili ina mambo kama hayo, hata katika nyumba iliyo bora kuliko zote.

Hofu ya tatu hakuisema siku ya kwanza. Tulirudi kesho yake, dagaa wakiwa wamekwisha kukauka na yeye akiwajaza kwenye gunia, ndipo akasema: "Bado namwota. Nitalalaje kwa mtu na mwingine namwota?"

Vijana wa siku hizi hujifunza mambo haya kwenye simu. Dada yake mdogo alimwonesha filamu ya Kitamil iliyotoka mwaka 2013, iitwayo Raja Rani, ya mwongozaji Atlee, na yeye akaitazama yote ingawa alikuwa anasoma picha tu kuliko maneno. Hatumhimizi msomaji kutazama filamu, na nyimbo na michezo iliyomo haihitaji fatwa yetu. Lakini kisa chake si cha kipuuzi: mwanamume aliyefiwa na mkewe katika ajali, aliyeozeshwa mwanamke mwingine mwenye msiba wake mwenyewe, wanakaa nyumba moja kama wapangaji, kila mmoja akimwona mwenzake kuwa ni mkorofi tu, mpaka wanaposimuliana walichokipoteza. Kwao India jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa matabaka ya juu ya Kihindu mjane hakuruhusiwa kuolewa tena, hata kama alifiwa akiwa mtoto, na sheria ya kuhalalisha ndoa hizo ilipitishwa mwaka 1856 baada ya mwanachuoni Ishwar Chandra Vidyasagar kuipigania. Mama yetu alichokishika kutoka kwenye filamu ile ni kimoja. "Yule mwanamume alikuwa hamsemi marehemu," alisema. "Ndiyo maana alikuwa mkali."

Sisi tulimsimulia habari ya Asmaa bint Umays (r.a). Mumewe wa kwanza, Ja'far bin Abi Talib, aliuawa Mu'ta mwaka wa nane wa Hijra. Akaolewa na Abu Bakr, akafiwa tena. Akaolewa na Ali, nduguye Ja'far. Wapokezi wanasimulia kwamba siku moja watoto wake wawili, mmoja wa Ja'far na mwingine wa Abu Bakr, walikuwa wakishindana baba wa nani ni bora. Ali akamwambia mama yao aamue. Akasema hakumwona kijana wa Kiarabu aliye bora kuliko Ja'far, wala mtu mzima aliye bora kuliko Abu Bakr. Ali akasema, kwa maana, kwamba hukutuachia kitu. Hakumkasirikia. Na Mtume (s.a.w), aliyekuwa mgane kabla ya hayo yote, alikuwa akichinja mbuzi na kuwapelekea nyama marafiki wa Bi Khadija (r.a) miaka mingi baada ya kufariki kwake, mpaka Bi Aisha (r.a) akaona wivu kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuishi naye nyumba moja. Hakuficha kwamba bado anampenda. Mama yetu alisikiliza yote, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akauliza: "Huyo Ali alikuwa anacheka aliposema hivyo?" Tukamwambia tunadhani hivyo.

Lilibaki suala la kijana. Tulikwenda Butiama kumwona kaka yake mama huyu, maana kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, mtoto wa kiume si walii wa mama yake kwa uana wake. Baba na babu wakiwa wamefariki, walii ni kaka wa mwanamke. Na mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla hatoshelezi kunyamaza. Lazima aseme kwa ulimi wake kwamba ameridhia. Khansaa bint Khidham, mwanamke wa Madina aliyewahi kuolewa, aliozeshwa na baba yake asipotaka, akaenda kwa Mtume, na Mtume akaibatilisha ndoa hiyo. Kaka aliyajua haya. Ni mkulima wa muhogo, mtu wa maneno machache, anaishi baada ya kupinda Makutano na kuiacha barabara kuu. Alisema mpwa wake hana haki ya kuzuia, lakini hataki aozeshe dada yake huku kijana ameinamisha kichwa uani. Alipanda gari kesho yake kwenda Musoma, akalala siku mbili kwa dada yake, na usiku wa pili akakaa na mpwa wake ukingoni mwa ziwa mpaka saa sita. Walichozungumza hatukuambiwa.

Tulichoambiwa ni masharti. Mirathi ifunguliwe kwanza, na shemeji aalikwe kwenye kikao kwa heshima zake zote. Binti aendelee na shule anayosoma mpaka mwaka uishe. Mahari, mama alitaka iwe fedha za kutengenezea chanja, ili dagaa wake wasianikwe tena mchangani, na fundi wa Bunda alikubali papo hapo, akaongeza turubai la kufunikia mvua ikija. Na kila mwaka, siku aliyofariki mumewe wa kwanza, asomewe dua nyumbani, iwe ni nyumba ipi. Fundi aliomba sharti hilo liwe la wote wawili, kwa sababu na yeye anaye wa kumwombea.

Nikaha haijafungwa hadi tunakwenda mitamboni. Kijana bado hajasema ndiyo. Lakini mama alitupigia simu Jumanne iliyopita, baada ya Maghrib, kutuambia kwamba fundi alikuja Musoma na watoto wake watatu kuwasalimu, na wakati wa kuondoka mvua ilikuwa inanyesha, na kijana, bila kuagizwa na mtu, alitoa bodaboda akawapeleka stendi, wadogo kwanza, kisha akarudi kumchukua baba yao.